Donge la Maziwa na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu, lakini jueni kuwa hukumu ya maneno haya itatoka vinywani mwenu.

Katika nyumba moja ya milimani Upare walikutana wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Eliwaza alikuwa na vidole vinavyoona: ukificha punje ya mtama chini ya blanketi, aligusa juu kwa juu akakuonyesha ilipo. Mama yake, Bi Nakijwa, alilijua joto. Alipitisha kiganja kwenye mvuke akakwambia kama maji yamefikia kiasi. Wa tatu, Bi Foibe, alikuwa na mkono wa subira. Ng'ombe waliompiga kila mtu mateke walimwachia yeye maziwa.

Waliyemwuguza ni Nakunda, aliyejifungua mtoto wa kike. Eliwaza alikuwa wifi yake, Bi Nakijwa mkwewe, Bi Foibe mama yake mzazi. Na ukoo ule ulikuwa na sheria: mzazi akikwama, iwe kwa uchungu au kwa maziwa, atakayemfungua ndiye atakayetaja jina la mtoto.

Nakunda alikuwa na jina lake moyoni. Lilikuwa Niendiwe, jina la dada yake aliyekufa angali mdogo, na ambaye kwao hakuna aliyemtaja tena. Mtoto huyu asipolichukua, jina lile lingezikwa mara ya pili.

Kabla ya siku ya jina, titi la kushoto likavimba, likawa la moto. Homa ikapanda. Mtoto alinyonya asipate kitu, akalia. Majirani wakalikamua kwa nguvu, na kadiri walivyokamua ndivyo lilivyozidi kuziba.

Eliwaza akawaondoa. Akapapasa taratibu, akasema donge limekaa pale ambapo maziwa mazito ya ndani yanakutana na mepesi ya karibu na chuchu. "Si jiwe hilo, ni kitu laini," aliwaambia. "Mkilibana linatanuka ubavuni, linaziba njia nzima." Bila yeye wangelikamua titi mpaka litunge usaha.

Bi Nakijwa akaleta kitambaa cha maji ya moto. Hakukiweka juu ya donge, alikiweka nyuma yake na mbele yake, kwa joto lisilounguza, hadi maziwa mazito yakalegea. Eliwaza, kidole kikiwa palepale, akasema linajongea. Bila joto lile lingebaki limenata kama nzi kwenye asali.

Lakini karibu na chuchu, njia ilipokuwa nyembamba kabisa, likakwama tena. Hapo akaingia Bi Foibe. Alisukuma kidogo, akaachia, akasukuma tena, akilipa donge nafasi ya kujinyoosha. Likatoka limerefuka kama uzi mweupe, na maziwa yakaruka hadi ukutani.

Homa ikashuka, ugomvi ukapanda.

Eliwaza alitaka mtoto aitwe kwa jina lake yeye. Bi Nakijwa akamwuliza binti yake tangu lini vidole vitupu vikapika chakula. Yeye Nakijwa alitaka mtoto aitwe kwa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Bi Foibe, mgeni pale ukweni, alisema kwa adabu yenye mwiba kwamba wenzake walilipapasa na kulikanda, ila aliyelitoa anajulikana. Mtoto ataitwa Foibe.

Nakunda alivumilia ya wale wawili. La tatu lilimchoma.

"Mama," alisema, "kwani ulizaa mimi peke yangu?"

Bi Foibe akainamisha macho.

"Mtoto huyu ni Niendiwe. Titi ni langu, homa ilikuwa yangu, nanyi mnanigombania kama ngozi ya mbuzi."

"Mkwe," akajibu Bi Nakijwa, "wewe ulifunguliwa titi, hukulifungua mwenyewe. Sheria haikutaji."

"Basi sheria na inyonyeshe."

Akamfunga mtoto kifuani kwa kanga, akawageuzia mgongo wote watatu, akakataa yeyote asimshike.

Mtoto bado hana jina. Yuko aliyeliona donge, aliyelilegeza, aliyelitoa, na aliyeliugua. Wewe uliyesikia yote, wote wanne wamekukazia macho: ungempa nani haki ya kulitaja jina?