Kenge na Jiwe Lililopoa

Nilifika ukweni Njombe asubuhi moja ya Julai, meno yanagongana. Uani palikuwa na kipande kimoja tu cha jua, na ndani yake kigoda kimoja. Nikakaa. Mimi niliyezunguka nchi hii yote nikila vya watu, nikakaa kama nimezaliwa hapo. Shemeji Twilumba, aliyekuwa akimenya viazi na wenzake, akaacha kumenya.

"Shemeji, hicho ni cha mama."

Mama mkwe alikuwa amesimama kivulini, kajifunga blanketi, ananitazama. Aibu ikanigandisha palepale. Nikafanya ninachofanya kila nikiharibu: nikaanza hadithi.

"Uongo wangu uko mlangoni."

"Uingie," wakaitikia wamenya viazi.

"Ukiuma?"

"Tutajikuna."

Hapo kale Kenge, jitu la mkia mrefu na akili fupi, alililalia jiwe pekee lenye jua. Mijusi wakaganda kwa baridi, watoto wao hata kutambaa hawawezi. Wakamwomba, "Babu, sogea kidogo."

"Nisogee wapi? Mkia nao unaota jua."

Kidudu wa Homa, mdogo hata jicho halimwoni, akapanda mdomoni mwa Mbu. Ng'wiii. Wakatua puani pa Kenge.

"Mzee," akasema Kidudu, "mijusi wanasema damu yao tamu kuliko yako."

"Wale wakavu? Onja yangu."

Mbu akadunga, chwi. Kidudu akasukuma ndani ndugu zake kumi.

"Tamu?"

"Sina hakika, mzee."

"Onja tena."

Chwi. Wakaingia ndugu mia.

"Sasa?"

"Bado kidogo, mzee."

"Onja mpaka ukiri, mjinga wewe."

Chwi, chwi, chwi. Kidudu akaingia mwenyewe.

Siku ya kumi, jua la utosini, Kenge akaanza kutetemeka. Tete-tete-tete.

"Nani kaliharibu jiwe langu? Linatoa baridi."

Kidudu akajibu kutoka damuni, "Limezeeka, mzee. Takataka hii waachie mijusi."

"Wachukue. Mimi silalii kitu kibovu."

Akajiburuta hadi shimoni, tete-tete-tete, akijisifu kwamba kawapunja. Mijusi wakapanda jiweni, wakaota jua mpaka watoto wakaanza kukimbizana. Wala msidhani Kidudu aliwahurumia. Damu ya Kenge ni ndoo, ya mjusi ni kijiko.

"Uongo wangu umetoka. Aliyeumwa ajikune. Na funzo ni hili: ukipata penye jua, ng'ang'ania, usimpishe mtu."

Mama mkwe akakaza blanketi.

"Nimesikia, baba. Inuka."