Magunia Thelathini ya Bwana Lyatuu

Mwanahawa Singano, dereva wa trela, alikuwa mpole wa maneno. Asubuhi moja ghalani, tajiri wake, Bwana Lyatuu, aliongeza magunia thelathini ya mahindi juu ya mzigo uliokwisha timia.

“Bosi, tukizidisha uzito mizani ya barabarani itatukamata, na leseni yangu itafutwa.”

“Ukiogopa, kazi yako wanaitaka wengi.”

Mwanahawa alimfungulia mlango wa gari. “Basi twende wote, bosi. Watu wa mizani wakikuona wewe kwenye usukani, nani atathubutu kukugusa?”

Bwana Lyatuu alicheka kwa raha, akapanda. Walipokaribia mizani, Mwanahawa aliegesha gari kando, akampisha. Tajiri akashika usukani, akaweka tai sawa. Mwanahawa akashuka.

“Unakwenda wapi?”

“Nakusubiri ng'ambo, bosi. Wakiuliza uzito, atajibu dereva. Wakiuliza leseni ya trela…” Akapapasa mfuko wake. “Hiyo ninayo mimi.”

“Rudi uendeshe!”

“Narudi, bosi, magunia yakishashuka.”

Bwana Lyatuu alitazama mizani, akatazama usukani. Akavua koti, akaanza kushusha mwenyewe.

“Mbona hukuniambia haya kule ghalani?” aliuliza akihema.

“Nilikwambia, bosi. Ila kule ulikuwa tajiri. Hapa ndipo umekuwa dereva.”