Pawatila Iliyokosa Pumzi

Fungua kinywa kabla ya nati. Mmeyasikia maneno hayo leo kwa fundi, mkacheka, mkadhani ni utani wa watu wa gereji. Si utani. Ni methali ya hapa hapa bondeni kwetu, na ilizaliwa katika bustani ya vitunguu ya Skolastika Kihwele. Tulieni niwaeleze ilivyokuwa.

Skolastika alikuwa mtoto pekee wa Mzee Vitalis Kihwele. Mama yake alitangulia zamani. Baba naye alipofariki, Skolastika alifunga cherehani yake huko Mafinga alikokuwa akishona nguo, akarudi nyumbani kushika urithi. Aliachiwa bustani ya eka moja kando ya mfereji, na pawatila, ile mashine ya kulimia inayoongozwa kwa mikono, yenye magurudumu mawili mbele na visu vya kuchimbulia udongo nyuma.

Pawatila ilikuwa bandani, imefunikwa turubai. Kila mtu kijijini alijua kwamba haijanguruma kwa miaka sita, na kwamba miaka yote hiyo Mzee Vitalis alilima kwa jembe la mkono mpaka mgongo ukapinda. Skolastika alitegemea kukuta kutu na panya. Alipovuta turubai akasimama ameduwaa. Mashine ilikuwa safi. Ilipakwa grisi kila penye kiungo, na ilipandishwa juu ya matofali ili matairi yasioze.

"Baba mdogo," alimuuliza Mzee Longino, mdogo wa baba yake, "mtu anatunza hivi kitu kilichokufa?"

"Ndugu yangu alikuwa na mambo yake," Longino alijibu. "Nilipomuuliza alisema imechoka. Basi. Sasa nisikilize, mwanangu. Zamu yako ya maji ni Jumatatu ya wiki ijayo. Maji yakifika ardhi haijachimbuliwa, yanapita kwenda kwa wengine, na msimu umekwisha. Chuma hiki kama hakiwaki, tukiuze kwa watu wa vyuma chakavu, na bustani tumwachie mwenye nguvu ya kulima. Wewe mikono yako ni ya sindano."

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana yalimchoma. Skolastika alienda kumwita Zuberi, fundi wa mashine za kusaga.

Zuberi alimwaga dizeli ya zamani, akatia mpya, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta. Akachomeka hendeli, akazungusha mpaka shati likamganda mgongoni. Mashine haikukohoa hata mara moja.

"Haina pumzi," alisema. "Ukizungusha husikii ule ukinzani wa injini nzima. Ringi za pistoni zimekwisha."

Wakaifungua injini. Bomba la hewa Zuberi aliling'oa likiwa zima pamoja na chujio lake, akalifuta vumbi kwa nje, akalilaza pembeni juu ya gunia. Akachomoa pistoni. Ringi zilikuwa nzima, zinang'aa kama bangili za bibi harusi. Zuberi aliitazama pistoni, akamtazama Skolastika, akaitazama tena pistoni.

"Sielewi," alisema.

Wakairudisha. Haikuwaka. Wakafungua pampu, ikawa nzima. Wakafungua nozeli inayopulizia dizeli, ikawa nzima. Kila walichokifungua kilikuwa kizima, na vyote vizima vikiungana vinakuwa maiti. Siku ya tatu, baada ya kufunga kila kitu, ilibaki nati moja mkononi mwa Zuberi, na hakuna aliyejua ilikotoka. Ikabidi wafungue tena yote kuitafutia mahali pake.

Skolastika alianza kuchanganyikiwa kweli kweli. Akiwa anapika anaziona nati. Alijiuliza kama baba yake aliitia mashine dawa, maana wapo jirani waliosema hivyo. Kisha akajiuliza kama baba yake hakutaka aiendeshe. Lakini kama hakutaka, aliipaka grisi ya nini? Na kwa nini alimwachia yeye?

Jambo jingine lilimkera. Kila asubuhi Mzee Konradi Ngimba, mwenye bustani ya ng'ambo ya mfereji, alikuja akichechemea mpaka kwenye ua wa matete, akasimama, akawatazama, akaondoka. Huyu Konradi na Mzee Vitalis walikuwa marafiki wa kuchanjiana damu, halafu wakaacha kusemezana. Kijiji kilisema waligombea maji. Skolastika hakuwepo miaka hiyo, akaamini kama walivyoamini wengine. Msibani alimpita mzee yule bila salamu. Sasa aliona anakuja kufurahia aibu yao.

Ijumaa, Zuberi alikusanya spana zake. "Dada, nimefika mwisho wa ujuzi wangu," alisema. "Nisikudanganye."

Skolastika alikaa chini kati ya vipande vya injini, mikono imejaa grisi. Pale kwenye ua wa matete Konradi alikuwa amesimama kama kawaida. Hasira zikampanda, akainuka, akamwendea moja kwa moja. Lakini alipomfikia, malezi yakamshinda.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu." Mzee aliitikia upesi, kama mtu aliyesubiri salamu hiyo muda mrefu.

"Baba, kila siku unakuja hapa. Unatafuta nini kwetu?"

"Sitafuti kitu. Nasubiri kuulizwa."

"Kuulizwa nini?"

"Kuhusu hiyo mashine. Nilikuwepo siku alipoizima."

Konradi akaketi kwenye ukingo wa mfereji, akavuta mguu wa suruali. Mguu wa kushoto haukuwa na vidole vitatu.

"Watu niliwaambia nilijikata kwa shoka," alisema. "Si kweli. Tulikuwa tunalima hapa mimi na baba yako. Mimi natoa magugu yaliyojisokota kwenye visu, yeye kashika mashine. Gia ikaruka, visu vikazunguka, vikanipitia mguuni. Baba yako alichana shati lake, nusu akanifunga mguu. Nusu ya pili aliikunja, akaisukuma ndani kabisa ya bomba la hewa, huku analia. Akaiambia mashine, 'Hutapumua tena.' Kisha akanipakia kwenye baiskeli, akanikimbiza zahanati. Tangu siku hiyo hakunitazama usoni."

"Mligombania maji," alisema Skolastika, kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Maji gani? Nilimtetea kwa uongo wa shoka ili asilaumiwe. Nikangoja aje tuzungumze. Hakuja. Nikadhani ananichukia kwa kumkumbusha."

"Na wewe kwa nini hukumwendea?"

Konradi aliyatazama maji yaliyokuwa yakipita mfereji kwenda kwa watu wengine. "Hilo," alisema, "najiuliza kila siku tangu tumzike. Nawe pia nilisita kukwambia. Ulinipita msibani. Ningeanzia wapi?"

Skolastika alimwomba msamaha palepale, kwa magoti. Kisha wakaenda wote wawili kwenye gunia. Zuberi, aliyekuwa bado hajaondoka, aliinua bomba la hewa, akatoa chujio, akaingiza waya uliopindwa ncha. Kitambaa kikatoka polepole, cheusi kwa mafuta, kimebaki na kifungo kimoja. Konradi alikipokea kwa mikono miwili.

Waliifunga injini mpaka jua likakaribia kuzama. Skolastika mwenyewe ndiye aliyeshika hendeli. Mzunguko wa kwanza akasikia ukinzani. Wa pili, moshi mweupe. Wa tatu pawatila ikanguruma, ndege wakaruka kutoka kwenye matete, na Mzee Longino akaja mbio kutoka kwake akiwa na sahani ya ugali mkononi, anadhani ndugu yake amefufuka.

Konradi hakukimbia wala hakucheka. Alisimama mbali na visu, machozi yanamtoka.

"Angenena neno moja," alisema. "Au ningenena mimi. Miaka sita! Na wewe, mwanangu, umefungua nati za injini nzima mara mbili, na mwenye jibu yuko hapo ng'ambo ya mfereji."

Zuberi akatikisa kichwa. "Mimi ndiye fundi," alisema, "na sikuuliza hata ilizimikaje. Kumbe ilibidi nifungue kinywa kabla ya nati."

Jumatatu maji yalifika, yakakuta udongo umechimbuliwa na matuta yamenyooka. Skolastika alibaki na bustani yake, na Konradi akawa anakula chakula cha mchana kwake. Hata hivyo Skolastika alituambia mara nyingi kwamba bado hamwelewi baba yake: mtu aliyekuwa na maneno ya kuiambia mashine, akayakosa ya kumwambia rafiki.

Zuberi ndiye aliyeyapeleka maneno haya gereji, na huko ndiko mlikoyasikia. Kila alipoletewa mashine alimketisha kwanza mwenye mali, amweleze. Lakini sisi tuliokuwepo hatuyatumii kwa mashine tu. Mkiona ndugu wawili wamenuniana, mkashindwa kujua kilichoharibika, wakumbusheni: fungua kinywa kabla ya nati.