Bi Somoe na Droni Zisizokosea

Palikuwa na sultani mmoja huko Kiwamba, na msiniulize Kiwamba ni wapi, aliyechoshwa na askari. Askari wanakula, wanaomba ruhusa ya kwenda mazikoni, na ukiwaambia pigeni, wengine wanauliza kwa nini. Basi Sultani Zaharani akauza shamba zima la karafuu, akaagiza droni kutoka ng'ambo. Likaja kundi zima, ndogondogo, kila moja na bomu lake tumboni. Droni hizi haziongozwi na mtu. Zinaruka pamoja, zinashauriana zenyewe kwa zenyewe adui ni nani, na zikishakubaliana, zinampiga.

Siku ya kwanza zilipoachiwa, zilikubaliana kwamba adui ni jiko la harusi.

Mwenye jiko alikuwa Bi Somoe, mpishi wa shughuli, mjane asiye na mali ila sufuria zake na mdomo wake. Mungu alimstiri, alikuwa kaingia ndani kufuata chumvi. Aliporudi hakukuta jiko. Umebaki mwiko wake tu, ule mrefu wa kukorogea pilau kwa mikono miwili. Akashika njia mpaka sokoni, na Bi Somoe akisema, soko zima linasikia.

"Vipofu zile! Zimeona mwiko, zikadhani bunduki!"

Maneno hayakuchelewa kufika kwa sultani. Akaitwa.

"Ni wewe uliyezitukana droni zangu?"

"Sikuzitukana, Mtukufu. Nimezisimulia."

"Droni zangu hazikosei. Ijumaa nina wageni, mabalozi wa nchi jirani. Utawapikia pilau. Kisha utauvuka uwanja mbele yao, mwiko begani, droni zikiwa juu yako. Waone jinsi zinavyomjua raia mwema."

"Na zikinipiga?"

"Basi ulikuwa adui."

Jemadari Feruzi, aliyezichagua droni zile na kuzifundisha, akatikisa kichwa kukubali. Aliona jambo limenyooka.

Bi Somoe aliogopa, nani asingeogopa? Alilia nyumbani kwake mpaka kanga ikalowa. Kisha akanawa uso, akaanza kuchambua mchele.

Ijumaa ikafika. Jemadari akaliweka kasha la kuwashia na kuzimia droni katikati ya uwanja, ili mwizi asilifikie. Akaziwasha, akatoka mbio kabla hazijapaa. Akajipongeza kwa akili zake. Droni zikatanda juu ya uwanja, zinavuma. Mabalozi wakakaa barazani, sinia zikaletwa.

Sasa, jumba lile lilikuwa na desturi yake. Hakuna mkono unaoingia kwenye sinia mpaka aliyepika aonje mbele za watu. Masultani kadhaa wa ukoo ule walikufa wakitafuna, ndiyo maana. Watu wote wakamtazama Bi Somoe. Bi Somoe kasimama tu na mwiko wake.

"Onja," akasema sultani.

"Hakuna haja, Mtukufu. Pilau hii ya kisasa."

"Ya kisasa vipi?"

"Ina akili. Ikishafika tumboni inaangalia yenyewe, huyu adui, huyu raia mwema. Mwema inampita tu. Karibuni."

Balozi mmoja aliyekwisha kukunja mkono wa kanzu akaukunjua.

"Umetia nini humo?"

"Mimi nimeifundisha tu. Ikishaiva inajiamulia."

"Na ikikosea, we mwanamke?"

"Haikosei. Atakayekufa, basi alikuwa adui."

"Onja, nimesema!" Sultani alikuwa kasimama sasa. "Aliyepika ndiye anayeonja! Ndiyo desturi ya nyumba hii!"

"Aliyepika?"

"Aliyepika!"

"Haya, Mtukufu, usikasirike." Bi Somoe akakata tonge, akala, akatafuna polepole, akalamba vidole. Watu wakangoja. Hakuanguka. Akanyoosha mwiko juu, kule zilikovuma droni. "Mimi nimeonja changu. Na zile kapika nani?"

Mabalozi wote wakageuka kumtazama Jemadari Feruzi. Jemadari akatazama viatu vyake.

"Mtukufu," akasema, "leo mguu wangu hauko vizuri."

"Mbona asubuhi alikimbia?" akauliza balozi mmoja kwa upole.

Sultani akafuta jasho. "Basi! Shughuli imekwisha! Jemadari, kazizime!"

Jemadari hakuondoka.

"Huna masikio? Kazizime!"

"Mtukufu," akasema Jemadari kwa sauti ndogo, "kasha liko katikati ya uwanja."

Bi Somoe akamsogelea, akamwekea mwiko begani, akaunyoosha ukakaa vizuri.

"Nenda tu, baba, usihofu. Ukirudi, ukoko wako nimekuwekea. Usiporudi, tutajua tulikuwa tunakula na adui."