Kufuli la Fundi Baridi

Kidole kimoja hakivunji chawa. Maana yake kila mwanafunzi anaijua: jambo linalohitaji watu halimalizwi na mtu mmoja, hata awe hodari namna gani. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuiamini ni jingine. Wapo wanaoikariri vizuri sana huku wakidhani kidole chao wao ni cha aina yake, kwamba kikivishwa pete ya chuma kitamvunja chawa peke yake. Fundi Baridi alikuwa mmoja wao, na pete yake ya chuma ilikuwa kufuli.

Jina hilo alibandikwa na wapangaji wenzake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, akizunguka nyumba hadi nyumba na mtungi wake wa gesi na sanduku la vifaa. Ila tusidanganyane, hawakumwita Baridi kwa sababu ya majokofu peke yake. Ukimsalimu alijibu "salama" moja kavu, isiyo na "na wewe je?" nyuma yake. Kisha aliingia chumbani, akatia komeo, akapika chakula cha mtu mmoja na kukila akiwa ameutazama ukuta.

Hakuzaliwa hivyo. Mkewe alipokuwa hai, chumba kile hakikukaukiwa kicheko. Pikipiki waliinunua pamoja baada ya kujinyima kwa miaka, na kila asubuhi mke aliegemea mlangoni akauliza, "Leo unarudi saa ngapi?" Fundi naye akamjibu, "Majokofu yakikubali." Siku za mapumziko mke alivaa helmeti yake nyekundu, akapanda nyuma, nao wakaenda popote barabara ilipoelekea. Maradhi yalipomchukua, watu walikuja, wakalia naye, wakaondoka. Na yeye akawaacha waondoke moja kwa moja. Helmeti nyekundu hakuitoa. Aliifunga nyuma ya kiti kwa mpira, akawa anazunguka nayo mjini kama vile mwenyewe bado amepanda. Kwa hiyo pikipiki ile haikuwa chombo cha kazi tu. Ndiyo iliyokuwa jamaa yake wa mwisho.

Katika ua wa nyumba ile kulikuwa na tangi la maji juu ya nguzo za chuma zilizozikwa katika zege. Wapangaji wengine wawili walikuwa na pikipiki: Nesi, mwanamke aliyefanya kazi zahanati, na Bwana Mikate, aliyesambaza mikate madukani. Hawa walikuwa na desturi yao. Walipitisha mnyororo mmoja mrefu katika magurudumu ya pikipiki zote mbili, wakauzungusha kwenye nguzo, kisha ncha zake wakaziunga kwa makufuli mawili yaliyoshikana, la huyu ndani ya la yule. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa kufuli lake tu, lakini kulifungua lako ilikuwa ni kuufungua mnyororo wote. Aliyetoka wa kwanza alichomoa pikipiki yake, kisha akamfungia mwenzake. Akisahau, amemwacha mwenzake wazi. Hawakuwahi kusahau.

"Fundi, lete kufuli lako tulitie hapa katikati," Bwana Mikate alimwambia jioni moja. "Nguzo haina choyo."

"Na wewe ukisahau kufunga alfajiri?"

"Nikisahau, Nesi atanidunga sindano isiyo na dawa."

Nesi akacheka mpaka akashika mbavu. Fundi hakucheka. "Asante," akasema. "Mali yangu nitailinda mwenyewe."

Kesho yake alikwenda duka la vipuri. Mwenye duka alikuwa mama mmoja aliyejua bidhaa zake kama anavyojua wanawe, na aliyezisema vibaya bila haya. Alimwonyesha kamba ya waya iliyovishwa plastiki. "Hii ni ya kumzuia mwizi mwenye aibu. Koleo likiing'ata mara moja, kwisha." Akamwonyesha mnyororo wa chuma kinene. Fundi macho yake yalikuwa kwenye rafu ya juu, kwenye kufuli dogo zito la kubana diski ya breki, lenye king'ora ndani yake. Likiguswa linapiga kelele za kuamsha mtaa.

"Hilo zuri," mama akakubali. "Msumeno haulikati. Ila baba, sikiliza. Linalizuia gurudumu lisizunguke, basi. Halijaifunga pikipiki kwenye kitu chochote. Watu wawili wakiinyanyua, inakwenda na kufuli lake. Chukua na mnyororo, uifunge kwenye kitu kisichohama. Na mnyororo usiuache ukalala chini, watauponda kwa nyundo."

"Hili lina king'ora."

"King'ora kinaita tu. Kazi ya kufuli ni kumchelewesha mwizi mpaka mtu aje." Akamtazama. "Una mtu?"

Fundi aliweka pesa mezani, akasubiri chenji akiangalia matairi yaliyoning'inia darini.

Tangu siku hiyo pikipiki ililala chini ya dirisha lake, upande wa pili wa ua, mbali na nguzo. King'ora nacho kilifanya kazi yake kwa bidii ya kupita kiasi. Paka akipita, kinalia. Mpira wa watoto ukigonga gurudumu, kinalia. Mvua ya kwanza ilipopiga, kililia mpaka watu wakaacha kusikia mvua. Siku moja upepo uliiinamisha pikipiki, na Mama Cherehani, mshonaji aliyeshonea barazani kutwa nzima, akainuka kwenda kuiegemeza vizuri isije ikaanguka. Kelele zikaanza, na Fundi akatoka mbio.

"Nani kakwambia uiguse?"

"Ilikuwa inataka kuanguka, Fundi."

"Iache ianguke! Hata ikilia siku nzima, msije. Haiwahusu!"

Mama Cherehani aliurudisha mkono wake kama aliyeshika sufuria la moto. "Sawa," akasema taratibu. "Haituhusu." Ua mzima ulisikia, na kila mtu akalishika neno lile kama lilivyosemwa.

Haukupita muda mrefu, Fundi akaitwa kutengeneza jokofu la bucha iliyokuwa mwisho wa mtaa ule ule. Palikuwa karibu mno hata kuwasha injini ni uvivu, kwa hiyo akajitwika sanduku lake akaenda kwa miguu. Ilikuwa mchana kweupe. Bwana Mikate alikuwa kazini, na Nesi, aliyetoka zamu ya usiku, alikuwa usingizini. Pikapu ikaingia uani kinyumenyume. Wakashuka wanaume wawili waliovaa ovaroli zenye mafuta. Waliitupia jicho pikipiki ya Nesi, wakaufuata mnyororo kwa macho mpaka kwenye nguzo, wakaachana nayo. Wakaenda chini ya dirisha.

King'ora kikapasua hewa. Mama Cherehani akainua kichwa.

"Shikamoo mama," mmoja akasema huku akiziba sikio na kucheka. "Fundi katutuma, inakwenda gereji. Kufuli lake hili litatutoa roho!"

Mama Cherehani alisita, sindano ikiwa imeshuka nusu kwenye kitambaa. Alijaribu kukumbuka kama Fundi ana ndugu, au rafiki, au hata fundi wa pikipiki anayemwendea. Waliishi ukuta kwa ukuta, na hakuwahi kumwona mgeni hata mmoja akibisha mlango ule. Hawa wangeweza kuwa watu wake, wangeweza wasiwe. Kisha akakumbuka lile neno. Akakanyaga cherehani yake. Wanaume wakainyanyua pikipiki pamoja na kufuli, na king'ora kikawa kinalia barabarani, mbali, mbali zaidi, mpaka kikapotea.

Fundi aliporudi alikuta doa la mafuta chini ya dirisha.

"Pikipiki yangu iko wapi?"

"Si wamekuja watu wako kuichukua?"

"Watu wangu?" Sauti yake ilipanda. "Watu gani? Mimi sina watu!"

Alilisema kwa nguvu kiasi kwamba alilisikia mwenyewe. Akakaa kizingitini, akaufunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya gesi, akalia kama mtoto, yeye ambaye hata msibani hawakumwona akilia hivyo.

"Tungejuaje, Fundi?" Mama Cherehani akasema, na yeye machozi yakimlenga. "Angekuwa Bwana Mikate, tunamjua kaka yake, tunaijua gereji yake, mpaka shemeji yake anayekoroma tunamjua. Wewe hatukujui."

Hakuna aliyesema "haituhusu". Nesi aliamshwa, akafungua mnyororo macho yakiwa mekundu, akampakia Fundi kwenda kituo cha polisi. Bwana Mikate alipopata habari aliulizia duka kwa duka katika njia yake yote. Jioni alirudi na kitu kimoja tu mkononi: helmeti nyekundu, imechubuka upande mmoja. Wezi walikuwa wameitupa mtaroni kwenye kona.

"Nimeijua kwa mbali," alisema. "Kila siku inapita mbele yangu."

Fundi aliipokea, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati. "Ilikuwa ya mke wangu," akasema. Tangu azikwe, hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza alilolitoa juu yake mbele ya watu. Mama Cherehani akaleta chai, wakakaa naye barazani, na safari hii hakuwaacha waondoke upesi.

Pikipiki haikuonekana tena. Funguo mbili za kufuli la king'ora zilibaki zimetundikwa ukutani, mpya zinang'aa. Na kwa yote tunayoyajua, kufuli lile halijavunjwa mpaka leo. Fundi alitembea kwa miguu muda mrefu, mtungi begani, akidunduliza, mpaka akapata pikipiki kuukuu yenye injini inayokohoa. Akarudi duka la vipuri.

"La king'ora tena?" mama akamuuliza.

"Hapana. Nipe kufuli la kawaida tu, lenye shingo ngumu." Akaongeza, macho yamemtazama sawasawa, "Nina watu."

Jioni ile makufuli yakawa matatu kwenye mnyororo, lake katikati. Usingizi wake haukuwa mzuri. Mazoea hayatoki kwa siku moja. Alfajiri akawa wa kwanza kutoka. Akalifungua lake, akachomoa pikipiki, akaurudisha mnyororo kwenye magurudumu ya wenzake, akafunga. Akauvuta mara moja. Akatoka hatua chache, akarudi, akauvuta tena, kwa maana pikipiki alizoziacha pale hazikuwa zake.

Alikuwa anaifunga helmeti nyekundu nyuma ya kiti Mama Cherehani alipochungulia barazani, kitambaa begani.

"Fundi! Leo unarudi saa ngapi?"

Fundi alisimama, mpira umemponyoka mkononi. Ilikuwa miaka tangu mtu yeyote duniani atake kujua atarudi saa ngapi.

"Majokofu yakikubali," akajibu, na sauti haikumtoka sawasawa. Kisha akageuka kumtazama yule mama. "Lakini kabla ya magharibi nitakuwa nimefika, dada. Nikichelewa, niulizieni."

Akawasha injini inayokohoa, akatoka uani. Nyuma yake mnyororo ulibaki umefungwa kwa makufuli matatu yaliyoshikana, nalo lake likiwa katikati likiyashika mengine na kushikwa nayo; kwani kidole kimoja hakivunji chawa.