Mchimba Makaburi na Ghala la Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi. Mwenye jembe aliweke chini.

Hapo zamani za kale, kijijini, alikuwapo Mzee Semboja, mchimba makaburi. Watu walimheshimu, ila penye jengo jipya hawakumwalika. Mkosi, walisema.

Mwaka mmoja njaa iliua watu. Kila mtu mahindi yake yalikuwa yameozea darini mwake. Jumbe akasema, "Tujenge ghala moja la wote." Neno jema. Akaleta fundi kutoka mbali. Fundi akachagua bondeni, pazuri, tambarare. Hakuuliza mtu, na mtu hakumwambia. Kilikuwa kiangazi, ardhi kavu.

Nguzo zikaanza kuingia. Ti! Ti! Ti!

Asubuhi ya kwanza Mzee Semboja akaja na jembe begani, akaketi.

"Mzee, nani amekufa?" fundi akauliza.

"Bado."

Asubuhi ya pili akaja, akaketi.

"Mzee, leo nani?"

"Bado, mwanangu."

Asubuhi ya tatu hakuketi. Tifu! Tifu! Tifu! Shimo moja, la pili, la tatu.

Jumbe akaja mbio. "Semboja! Unachimba nini?"

"Makaburi, Jumbe. Kila nyumba kaburi moja. Hilo lako."

"Umerukwa na akili?"

"Mahindi yakiwekwa hapa, masika yataoza yote kwa pamoja. Nami nitakuwa na njaa kama wenzangu. Nachimba nikiwa bado na nguvu."

Bibi Makihiyo, mfinyanzi, akachungulia. "Langu mbona fupi?"

"Nawe je, mrefu?"

Jumbe akatazama lake. Chini, chururu, chururu, maji yalikuwa yakiingia. Jumbe akayatazama maji. Maji yakamtazama Jumbe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Mchimba makaburi haitwi penye jengo."

Jumbe akamgeukia fundi. Fundi akakalia nguzo. "Mimi najua nguzo," akasema. "Ardhi yenu siijui." Hakuna aliyemcheka.

Bibi Makihiyo akasema, "Udongo wa vyungu nautoa hapa hapa. Huo hushika maji."

Mchunga mbuzi akasema, "Masika mbuzi wangu hulala pale mgongoni mwa kilima. Hapa hawashuki hata kwa fimbo."

Kila mtu akawa na neno. Fundi akauliza tena, akauliza tena. Kisha akang'oa nguzo, akazipeleka mgongoni.

Masika yakaja. Bondeni vyura wakaimba ndani ya makaburi. Ghalani mahindi yakakaa makavu kama meno. Mwaka huo hakufa mtu kwa njaa. Mashimoni mle wakapanda magimbi.

Mzee Semboja alikufa uzeeni, ameshiba. Hapo kijiji kikakumbuka kwamba hakuna mwingine ajuaye pa kuchimba. Wakaketi kuulizana. Huyu hivi, yule vile, tangu asubuhi hadi alasiri. Mpita njia akashangaa.

"Hamjamzika tu?"

"Bado," wakamjibu.

Walipoafikiana wakachimba hadi kifuani. Pakavu.

Basi, anayewajengea watu na awaulize kwanza, hata yule wanayeogopa kumwalika.

Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye neno aliongeze.