Maiti Waliokula Ugali

Haya, sogeeni, na wewe mwenye kikohozi kohoa kabisa umalize. Zamani hizo, zamani za mbali, wakati fisi alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuiba, palikuwa na nchi ikiitwa Ulindwa. Nchi ya misitu na nyuki. Na nchi hiyo ilikuwa inaisha. Si kwa njaa, si kwa vita. Ilikuwa inaisha kwa sababu watu wake walikuwa wakiondoka.

Kijana wa Ulindwa alilima, akala, akalala, basi. Hana jembe la chuma, hana mbuzi wa mahari. Akachoka, akavuka mto wa mpakani. Akavuka huyu, akavuka yule, wakavuka hata wale waliokuwa wakiwacheka waliovuka.

Sasa sikieni ujinga wa wakubwa. Mtawala wao, Mtemi Sagali, aliweka amri: atakayevuka mto kwenda kuishi ng'ambo, amekufa. Ndugu zake wanyoe nywele, wavunje chungu chake njia panda, na jina lake lisitajwe tena. Akirudi ni mzimu, afukuzwe kwa majivu, na atakayempokea afukuzwe naye. Mtemi alidhani vijana wataogopa matanga. Wakaogopa kweli, wajukuu zangu. Wakaogopa kurudi.

Basi nyumba zikabaki na wazee, na mashamba yakabaki na nyani.

Palikuwa na mjane mmoja, Kalunde, fundi wa kukamua asali. Mwanawe wa pekee, Mgalula, naye alivuka. Kalunde alinyolewa, akakivunja chungu cha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Majirani wakamwambia atazoea. Hakuzoea. Alikuwa na hasira isiyopoa, na mimi simlaumu.

Siku moja mchana anachota maji mtoni, akainua macho. Ng'ambo amesimama mtu na mkewe, mtoto mgongoni, mzigo wa majembe kichwani. Kalunde alimjua kwa kusimama kwake tu.

"Mama," yule mtu akasema, "mimi kwenu ni mtu au ni maiti?"

Furaha ilimjaa mama yule, na hofu ikaja nyuma yake. Kumpokea ni kufukuzwa, na uzee ule angekwenda wapi? Hata hivyo akalitaja jina.

"Vuka, Mgalula mwanangu. Njoo ule kwanza, ndipo tutajua."

Hakumficha. Alisonga ugali, akaubeba unafuka moshi, akawaongoza hadi ikulu kwa Mtemi huku watu wanakimbilia majivu. Akapiga magoti, akapiga makofi ya heshima.

"Mtemi, wanasema nimeleta mzimu. Sote tunajua mzimu hauli ugali wa moto. Naomba nchi itazame."

Mgalula akamega tonge, likamuunguza ulimi, akahema huku anapuliza. Mtoto kuona baba anakula peke yake, akaangua kilio. Mzee mmoja mwenye majivu mkononi akacheka. Akacheka wa pili, wakacheka wote, majivu yakamwagika chini.

Mtemi hakucheka. Aliuliza majembe yale yametoka wapi. Mgalula akaeleza kwamba wafanyabiashara wa mbali wanatafuta nta. Naam, nta, ile ile ambayo watu wa Ulindwa wakishakamua asali waliitupa nyuma ya nyumba, mbwa wakaikanyaga. Huko donge lake hubadilishwa kwa jembe. Yeye alikuwa akiwavunia wageni mizinga yao, na misitu ya kwao imejaa nyuki wasio na mwenyewe.

"Na maiti wetu wengine, wapo huko?" Mtemi akauliza, sauti imeshuka.

"Wamejaa, Mtemi. Wanangoja kuitwa."

Kalunde akadakia, maana huyo hakujua kunyamaza. "Mkono mtupu haulambwi, Mtemi. Atakayetundika mzinga, nta iwe yake, ikulu isiidai. Hapo watarudi na watakaa."

Watu walitazama chini, kwa kuwa walijua Mtemi naye ana maiti wake: Nyamizi, bintiye, aliyevuka kumfuata mume. Mwishowe akasema, "Amri nimeivunja. Pigeni ngoma mtoni, si ya matanga, ya arusi. Kila mtu amwite wake."

Wakaita. Wakaita, wakaita, na watu wakaja. Wakaja na waume, wakaja na wake, wakaja na watoto wenye lugha mbili. Misimu ikapita, nta ikatoka, majembe yakaingia. Mbuzi wakaingia, ng'ombe wakaingia, arusi zikafuatana hata wapiga ngoma wakalalamika. Nyani, wajukuu zangu, walihama wenyewe.

Lakini mmoja alikuja, akasimama ng'ambo, hakuvuka. Nyamizi. Wengine walimwita, asiitike. Kila mtu alijua anamngoja nani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtemi Sagali, aliyezoea kubebwa, alishuka kwa miguu yake, akaingia mtoni hadi kiunoni, na jina alilolikataza akaliita mbele ya nchi nzima.

"Nyamizi. Nyamizi mwanangu. Aliyekufa hukuwa wewe, nilikuwa mimi."

Binti akaingia majini.

Basi, aliyeondoka si marehemu. Mpe sababu ya kurudi, na umwite kwa jina lake. Kisa nimekitua hapa, mwenye mabega akibebe.